Ushirikiano Huzaliwa na Kutendana: Lugha ya Mikataba ya Vyuo Vikuu Ikisomwa Namakwekwe

Utangulizi

Katika zama hizi za utandawazi ni vigumu kukipata chuo kikuu kisichokuwa na mshirika ng'ambo. Hati za makubaliano hutiwa saini, picha hupigwa, na maneno matatu hujitokeza karibu katika kila hotuba: uvumbuzi, ujasiriamali na maendeleo endelevu. Wahandisi, madaktari na wanauchumi wameyajadili mambo haya kwa namna zao. Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumekaa kando kana kwamba hayatuhusu, mpaka siku anapotafutwa mtu wa kutafsiri kipeperushi.

Katika makala haya tunashikilia kwamba hati hizo ni matini, na matini huhakikiwa. Kama tunavyoiuliza riwaya nani anazungumza, nani ananyamazishwa na kwa manufaa ya nani, ndivyo tunavyopaswa kuuliza mbele ya hati ya ushirikiano. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa nyani haoni kundule, nasi tungependa angalau mara moja kujaribu kuliona.

Aya iliyokosekana

Namakwekwe ni mtaa wenye watu wengi katika mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Humo Kigisu hukutana na Kiganda, Kiteso na Kiswahili cha wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi mpakani mwa Kenya. Wakati fulani tuliletewa kipeperushi cha mradi wa chuo kimoja cha ng'ambo na mshirika wake wa hapa Uganda. Kiliwaalika vijana na mafundi kuwasilisha mawazo bunifu, na watakaochaguliwa wangepewa mafunzo. Tulipewa siku mbili za kukitafsiri. Tukafurahi kuona kwamba Kiswahili kimekumbukwa, tukakesha, tukamaliza. Mwishoni palikuwa na aya moja ya herufi ndogo ambayo haikuenea kwenye ukurasa. Tukaiacha.

Baadaye tulikwenda Namakwekwe pamoja na wanafunzi ili tusikie tafsiri yetu inavyopokewa. Tulisimama karibu na mabanda ya mafundi wa kuchomelea vyuma, mwanafunzi mmoja akasoma kwa sauti. Watu walisikiliza vizuri. Alipomaliza, fundi mmoja mtu mzima alipandisha miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso akauliza:

"Mwalimu, nikishawaeleza wazo langu, linabaki langu au linakuwa lenu?"

Hatukuwa na jibu. Mwanafunzi mwingine alitoa nakala ya Kiingereza mkobani, akaisoma ile aya ya mwisho kimyakimya, kisha akatutazama. Aya hiyo iliwapa waandaaji haki ya kulitumia wazo lolote litakalowasilishwa. Tulipomweleza fundi, hakukasirika. Alisema tu, "Basi mzee wenu acha aendelee kuchomelea," akashusha miwani.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: je, sisi tulikuwa wafasiri, au tulikuwa chambo kwenye ndoana? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Sarufi ya neno 'ushirikiano'

Tuanze na lile tunalolijua zaidi, yaani sarufi. Kutokana na kitenzi 'shiriki' tunapata maumbo matatu ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyafahamu. Mtu anaweza kushiriki, yaani kuingia katika jambo kwa hiari yake. Anaweza kushirikishwa, yaani kuingizwa na mwingine; hapa kuna usababishi na utendwa kwa pamoja, na yule aliyeingizwa hakuwa ndiye mwenye jambo. Tena watu wanaweza kushirikiana, ambapo kiambishi cha kutendana kinadai pande mbili zinazotenda kwa kila mmoja. Nomino 'ushirikiano' imezaliwa na umbo hili la tatu. Kwa hiyo, kila chuo kinapotangaza ushirikiano, kimetoa ahadi ya kisarufi: kwamba kila upande utatenda na kila upande utatendewa.

Tunapendekeza maumbo haya matatu yawe kipimo cha uhakiki. Swali ni moja: je, katika hati hii, ni nani anashiriki, nani anashirikishwa, na ni wapi ambapo watu wanashirikiana kweli? Tujaribu kukitumia kipimo hiki katika mifano mitatu ya Afrika Mashariki, mmoja wa zamani na miwili ya karibuni.

Mfano wa kwanza: Kamati ya Kiswahili

Sisi wana-Kiswahili ni watoto wa ushirikiano wa kimataifa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilianzishwa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikashughulikia usanifishaji, uidhinishaji wa vitabu na kamusi. Kuanzia mwaka 1952 hadi mwaka 1962 makao yake yalikuwa Makerere, Kampala. Kisha ilihamia Mombasa, na hatimaye Dar es Salaam ambako mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile TUKI tuliyoizoea kwenye majalada ya kamusi zetu, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya TATAKI.

Kazi ya Kamati ilikuwa kubwa na hatuwezi kuikana. Hata makala haya yameandikwa kwa tahajia iliyotokana nayo. Hata hivyo, tukiipima kwa kipimo chetu, tunaona kasoro. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo wajumbe wake hawakuwa Waafrika. Wenye lugha walishirikishwa kama watoaji wa maneno, lakini hawakushirikiana katika maamuzi. Ajabu nyingine inaihusu Uganda moja kwa moja. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 ambapo Kamati ilikuwa imekaa juu ya kilima cha Makerere, Kiswahili kilikuwa kikiondolewa katika shule za Uganda na kuachiwa askari. Chungu kilipikwa hapa, wakala wengine. Tunajifunza kwamba taasisi inaweza kuwa na anuani mahali bila ya kuwa na mizizi mahali hapo. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila tunapoona kibao kipya cha mradi kikisimikwa kwenye lango la chuo.

Mfano wa pili: kutoka MIT hadi Jinja

Mfano wa pili ndio unaotajwa zaidi siku hizi panapozungumzwa uvumbuzi nchini Uganda. Katika miaka ya 2000 wanafunzi wa Makerere walijiunga na mradi wa kimataifa ulioratibiwa na wanafunzi wa MIT, Marekani, uliokusudia kubuni gari la watu watano litumialo umeme na mafuta. Gari hilo, Vision 200, lilionyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Laiti mambo yangeishia hapo, tungekuwa na cheti, picha na safari ya ndege, kama ilivyo kwa miradi mingi.

Lakini hayakuishia hapo. Chini ya uongozi wa Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, Makerere iliuchukua ujuzi ule ikaunda gari lake la umeme la watu wawili, Kiira EV, lililoendeshwa hadharani mwaka 2011. Mwaka 2014 lilifuata gari la Kiira EV SMACK, na mwaka huohuo likasajiliwa shirika la Kiira Motors, ambamo Serikali ya Uganda ina hisa 96 kwa mia na Chuo Kikuu cha Makerere 4 kwa mia. Mwaka 2016 likazinduliwa basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa, na mwaka 2019 ujenzi wa kiwanda ukaanza Jinja, katika eneo la ekari 100.

Tuyatazame majina. 'Kiira' ni jina ambalo wenyeji wa Busoga na Buganda huuita mto Naili unapotoka ziwani hapo Jinja. 'Kayoola' limetokana na kitenzi cha Kiganda kinachokaribiana kimaana na 'kuzoa' chetu: basi ni kitu kinachozoa watu. Tofauti na Vision 200, jina ambalo halina mwenyewe, majina haya yana kijiji na yana ukoo. Kwa mtazamo wetu, badiliko la jina liliambatana na badiliko la sarufi: kutoka kushirikishwa katika gari la wengine hadi kushiriki katika gari la kwetu, kwa fedha za umma wa Uganda.

Pamoja na hayo, mhakiki hapaswi kugeuka mpiga zumari. Kati ya gari lililoendeshwa mwaka 2011 na kiwanda kilichoanza kujengwa mwaka 2019 kuna miaka minane, na katika miaka yote hiyo hotuba zilitangulia mbele ya magari. Pia tunauliza: Makerere ambayo ndiyo iliyolibuni jambo hili inamiliki hisa 4 tu kwa mia. Huenda ni haki, maana mtaji mkubwa ulitoka serikalini. Lakini ni takwimu ambayo kila chuo kinachoota kuwa mjasiriamali kinapaswa kuitafakari. Wazo ni la nani, na baada ya kuwa kiwanda, linabaki la nani? Ndilo swali lilelile la fundi wa Namakwekwe, ila limevaa suti.

Mfano wa tatu: Mbale ikiwafundisha wengine

Mfano wa tatu uko Mbale kwenyewe, na tunashangaa jinsi usivyotajwa katika mihadhara ya uvumbuzi. Mwaka 2000 Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale na kushiriki kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Wagonjwa wengi walikuwa watoto wachanga wenye maradhi ambayo magazeti ya Kiswahili huyaita 'kichwa kikubwa', yaani maji kujaa ndani ya ubongo. Tiba ya kawaida duniani ilikuwa kuweka mrija wa kuyatoa maji hayo. Mrija huo huziba au hupata uambukizo, na mtoto hulazimika kurudishwa upesi kwa upasuaji mwingine. Kwa mzazi anayeishi mlimani, mbali na hospitali, mrija ulioziba ni hukumu ya kifo.

Hivyo Warf akaunganisha njia mbili za upasuaji ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Njia hiyo ilizaliwa na hali ya Mbale, si ya Boston. Lakini ilisafiri hadi Boston na kwingineko, na madaktari wa Uganda kama John Mugamba waliendelea nayo. Mwaka 2012 Warf alitunukiwa tuzo ya MacArthur ya Marekani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Mbale kwa watoto 100, yakiongozwa na Abhaya Kulkarni wa Toronto, yaliyoilinganisha njia hiyo na mrija. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti kubwa katika ukuaji wa akili wa watoto wa makundi hayo mawili. Kwa maneno mengine, inawezekana kuuepuka mrija bila ya kumdhuru mtoto kwa kipimo hicho. Baadaye watafiti wa Penn State kwa kushirikiana na wenzao wa Mbale na Mbarara walichunguza uambukizo unaosababisha maradhi haya, na mwaka 2020 wakaeleza kuhusu bakteria wa jamii ya Paenibacillus.

Hapa kiambishi cha kutendana kimefanya kazi yake: mgeni alileta ujuzi, mahali pakamfundisha, naye akarudi na kitu ambacho kwao hakikuwapo. Upungufu upo kwenye lugha. Matokeo haya yote yaliandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya kitabibu. Mwanafunzi wetu aliyezaliwa Mbale anaweza kumaliza shahada bila ya kujua kwamba mji wake umeubadilisha upasuaji wa watoto duniani. Tumetafsiri hadithi za kila aina. Hii hatujaiandika kwa Kiswahili hata kwa ajili ya zoezi la ufahamu la kidato cha pili.

Maneno matatu yachunguzwe

Sasa tuyageukie yale maneno matatu. 'Uvumbuzi' hutokana na 'vumbua', kukipata kilichokuwapo lakini kimefichika. 'Ubunifu' hutokana na 'buni', kukiunda kisichokuwapo, na ndiyo maana kazi za kubuni ni fani yetu. Vipeperushi huyachanganya maneno haya mawili bila ya mpango. Tukiyatenganisha, tutaona kwamba vyuo hutafuta ubunifu wa mwanafunzi aliyeko maabara ilhali havivumbui uliokwishafanyika mitaani. Mfano mzuri ni bodaboda. Usafiri huo ulianzia mpakani Busia na baiskeli zilizowavusha watu na mizigo yao, ukachukua neno la Kiingereza la mpaka na kulirudia mara mbili, ukaenea Afrika Mashariki yote. Hakuna hati ya makubaliano iliyotiwa saini. Mkopo wa neno na mkopo wa baiskeli vilitosha.

'Ujasiriamali' ni neno lililoundwa kwa kuunganisha 'ujasiri' na 'mali'. Ni neno zuri, nasi hatulipingi, lakini linamdhania msikilizaji kuwa ana mali ya kuifanyia ujasiri. Pale Namakwekwe maneno yaliyosikika ni 'kazi', 'biashara' na 'mtaji', na malalamiko yalihusu hilo la tatu. Kumwambia fundi asiye na mtaji kwamba anahitaji mafunzo ya ujasiriamali ni kumpa mvuvi asiye na ngalawa somo la ushupavu baharini. Ujasiri anao tangu zamani.

'Maendeleo endelevu' lina utata wa aina yake. Maneno yote mawili yana shina moja, 'endelea', kwa hiyo masikioni mwa Mswahili ni kama kusema mwendo unaoendelea kwenda. Wazo la awali, lililoenezwa na ripoti ya tume ya Brundtland ya mwaka 1987 na kuingia katika malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, ni la kujizuia: kutumia leo bila ya kuwanyima watakaokuja kesho. Katika istilahi yetu kujizuia huko kumepotea, kumebaki kwenda tu. Methali yetu inasema vizuri zaidi: bandu bandu huisha gogo. Watu wa miteremko ya mlima Elgon hawahitaji istilahi ili walielewe hilo. Waliyaona maporomoko ya ardhi ya Nametsi, wilayani Bududa, Machi 2010, na watu wa Mbale waliyaona mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mto Nabuyonga ulipopasua kingo zake. Mradi wowote wa maendeleo endelevu utakaoanza na methali hiyo, badala ya kuanza na malengo 17, utapata wasikilizaji siku ya kwanza.

Nini kifanyike

Wako watakaosema kwamba Kiswahili si lugha ya Mbale, na kwamba kazi hii ingefaa kufanywa kwa Kigisu. Tunakubaliana nao kwa nusu. Kigisu kipewe nafasi yake, tena ya mbele, hasa kwa wazee na akina mama wa mlimani. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kama kitabaki lugha ya mtihani na ya kwaya za kuwapokea wageni, watoto watakichukia kwa haki. Tukitaka kipendwe, kibebe mambo yenye uzito, yakiwemo haki za mtu juu ya wazo lake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila hati ya ushirikiano iwe na kifungu cha lugha, kinachotaja ni kwa lugha zipi wananchi watapewa taarifa kabla ya mradi na matokeo baada yake, pamoja na fungu la fedha la kazi hiyo. Pili, idara za Kiswahili zikatae tafsiri za siku mbili zisizokuwa na muda wa kusomwa mbele ya wasomaji wenyewe. Tatu, hakuna aya inayohusu haki, hatari au malipo itakayoachwa kwa sababu ya ufinyu wa ukurasa. Afadhali picha ya mkuu wa chuo ipunguzwe. Nne, wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wapewe hati halisi za ushirikiano katika somo la uhakiki na la tafsiri, wazipime kwa maumbo yale matatu ya kitenzi.

Hitimisho

Hatuandiki haya ili kuwafukuza washirika. Bila ya Turin pengine Kiira isingekuwapo, na bila ya mgeni mmoja kuhamia Mbale watoto wengi wasingepona. Tunachosema ni kwamba ushirikiano una sarufi yake, na sarufi ikivunjwa maana hupotea. Walinzi wa sarufi hiyo ni sisi, na safari hii mlinzi alilala.

Wiki iliyofuata tulirudi Namakwekwe tukiwa na ile aya, imetafsiriwa na kupigwa chapa kwenye karatasi ya pekee. Fundi alizima mashine, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akauliza maana ya neno moja, tukamweleza. Kisha aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Fomu hakuijaza. Lakini alituomba nakala nyingine mbili, kwa ajili ya vijana wa banda la pili ambao walikuwa wamekwisha kujaza zao.